Pampu ya Insulini Isitangulie Kipimo cha Sukari

Katika muda wa mwaka mmoja hivi uliopita, wazazi wawili wa hapa Bura, upande huu wa mashariki wa Mto Tana, wamenijia kwa nyakati mbalimbali wakiniuliza swali moja. Kila mmoja wao ana mtoto mwenye ugonjwa wa kisukari wa aina ya kwanza, na kila mmoja ana jamaa ughaibuni, mmoja Minneapolis na mwingine London, aliyejitolea kumtumia mtoto ile pampu ndogo ya insulini inayovaliwa kiunoni. Je, waikubali? Mimi nilifanya kazi ya uuguzi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na kwa hivyo watu hudhani nina jibu la ndiyo au la. Nililowajibu halikuwafurahisha. Na kwa kuwa naamini kwamba swali lao litaulizwa na wengi zaidi katika miaka ijayo, naona yafaa nilieleze hapa kwa kirefu.

Kwanza tuelewane kuhusu ugonjwa wenyewe. Wasomali wa huku huuita macaan, yaani utamu, na jina hilo moja hubeba magonjwa mawili yasiyolingana. Mtu mzima ambaye mwili wake umechoka kuitii insulini, kisukari chake ni cha aina ya pili, naye huweza kusaidiwa kwa miaka mingi na vidonge, mazoezi na kupunguza sukari katika chai. Mtoto wa aina ya kwanza hana insulini kabisa, maadamu kongosho lake limeacha kuitengeneza. Kabla ya Banting na Best kuigundua dawa hiyo huko Toronto mwaka 1921, mtoto kama huyo aliishi muda mfupi tu kisha akafa. Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, alidungwa insulini akiwa mgonjwa wa kwanza kuipata, naye akaishi miaka mingine 13. Wako kwetu wanaosema kwamba maziwa ya ngamia yanatosha. Maziwa ya ngamia ni chakula bora, nami hunywa kila siku, lakini mtoto wa aina ya kwanza akiachishwa insulini akapewa maziwa hayo badala yake, atakufa.

Pampu basi ni njia moja tu ya kuingiza mwilini dawa ile ile ya mwaka 1921. Ni kisanduku kidogo chenye hazina ya insulini, mota na betri. Kwake hutoka mrija mwembamba unaoishia katika kanula laini iliyochomekwa chini ya ngozi, aghalabu tumboni. Mchana na usiku pampu hudondosha insulini kidogo kidogo, na wakati wa kula mgonjwa hubonyeza kitufe ili apate kiasi kinacholingana na wanga anaokusudia kula. Ziko zisizo na mrija, ambazo hubandikwa mwilini moja kwa moja, na ziko za siku hizi zinazopokea habari kutoka kwa kihisio cha sukari kilichobandikwa mkononi, zikaongeza au kupunguza dawa zenyewe. Ni chombo kizuri. Humpunguzia mtoto idadi ya sindano, na mikononi mwa anayeijua huituliza sukari kuliko sindano zinavyoweza. Nasema hivi mapema ili nisidhaniwe kuwa mzee anayeogopa kila kitu chenye betri.

Lakini liko jambo ambalo jamaa walioko ughaibuni huenda wasilikumbuke, kwa kuwa kwao duka la dawa haliko mbali. Pampu hutumia insulini ya haraka peke yake. Mtoto anayedungwa sindano huwa na insulini ya kudumu iliyolala chini ya ngozi yake kama akiba, hata akichelewa kidogo akiba hiyo humshikilia. Mtoto wa pampu hana akiba. Kanula ikipindika, mrija ukiziba, betri ikifa au gundi ikabanduka kwa jasho, basi katika muda wa saa chache tu mwili wake huanza kuchoma mafuta badala ya sukari, na damu hujaa tindikali za ketoni. Hutapika, huumwa na tumbo, hupumua kwa kasi na kwa kina, pumzi yake ikanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi, na mwisho hupoteza fahamu. Mtoto aliyelala saa tatu usiku akiwa mzima aweza kuamka alfajiri akiwa hoi.

Wala mtu asiseme kwamba hitilafu hizo ni za vifaa duni. Mwaka 2024 kampuni ya Marekani iitwayo Tandem, ambayo ni miongoni mwa watengenezaji wakubwa wa pampu, ililazimika kuirekebisha programu yake ya simu kwa sababu ilikuwa ikizimika na kujiwasha tena na tena, ikimaliza betri ya pampu kabla ya wakati wake. Hadi katikati ya Aprili mwaka huo watu 224 walikuwa wamearifiwa kudhurika. Hao waliishi katika nchi yenye gari la wagonjwa linaloitwa kwa simu. Hapa Bura, pampu ikinyamaza usiku wa manane, gari la wagonjwa ni jirani mwenye Probox, na hospitali kubwa iko mjini Garissa.

Usalama wa pampu hutegemea mambo ya kawaida kabisa yanayoizunguka. Mwenye kuivaa bila kihisio sharti apime sukari kwa tone la damu angalau mara nne kwa siku, na asikose kupima kabla ya kulala na anapoamka. Kanula na mrija hubadilishwa kila baada ya siku mbili au tatu, na mahali pa kuchomeka hubadilishwa pia, kwani ngozi ikichomwa pale pale hufanya uvimbe ambao hauipitishi dawa ipasavyo. Sukari ikipanda juu ya milimoli 14 kwa lita, na dozi ya kuishusha ikitolewa kwa pampu isishuke, mtu asibishane na mashine. Achukue sindano, ajidunge kiasi kile ambacho daktari amemwandikia, kisha ndipo abadilishe kanula na kupima ketoni katika mkojo. Kwa hiyo sindano na chupa ya insulini havina budi kukaa karibu na mwenye pampu siku zote, pamoja na insulini ya kudumu na karatasi iliyoandikwa kwa mkono kiasi cha dawa anachohitaji saa kwa saa. Chombo kikiharibika, hesabu zilizomo ndani hupotea nacho.

Na upande wa pili wa hatari usisahauliwe. Pampu ikitoa dawa nyingi kuliko chakula kilicholiwa, sukari huanguka. Ikiwa chini ya 4, mtoto apewe vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji, asubiri dakika 15, apimwe tena. Akiwa amezimia asimiminiwe kitu chochote kinywani, kwa maana kitaingia mapafuni. Hapa kwetu tunakula pamoja katika sinia moja, kila mtu na upande wake, na hakuna anayeweza kusema kwa yakini amekula wali kiasi gani. Desturi hiyo ni nzuri na sitaki ife, lakini mtoto wa pampu hana budi apakuliwe sahani yake, akae nayo papo hapo penye sinia, ili hesabu yake ya wanga isiwe ya kubahatisha.

Sasa tuje kwenye joto, ambalo ndilo kila mtu huliuliza kwanza. Kwa miaka mingi tulifundishwa, nasi tukawafundisha wengine, kwamba insulini isiyo ndani ya jokofu ni maji matupu. Mafundisho hayo yaliwatesa watu. Katika kambi ya Dagahaley, huko Dadaab katika kaunti yetu hii hii, wakimbizi wenye kisukari ambao hawakuwa na jokofu walilazimika kufika hospitalini kila siku kudungwa, maana hawakuruhusiwa kukaa na dawa nyumbani. Ndipo Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likapima joto la ndani ya nyumba za kambi hiyo, likaona kwamba hupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 usiku na 37 mchana. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Geneva wakaiga joto hilo katika maabara, wakaweka humo aina mbalimbali za insulini kwa wiki nne. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: nguvu ya dawa haikupungua kwa kiasi cha kumdhuru mgonjwa ikilinganishwa na ile iliyokaa baridini. Mimi nayahesabu matokeo hayo kuwa miongoni mwa habari njema kabisa zilizopata kutoka Garissa, na nashangaa kwamba zahanati zetu haziyatangazi kwa sauti kubwa. Chupa iliyofunguliwa yaweza kukaa nyumbani kwa mwezi, ndani ya chungu cha udongo kilichozungushiwa kitambaa kibichi, kivulini, penye upepo.

Lakini msomaji aangalie vizuri. Habari hiyo njema ni ya chupa iliyomo nyumbani. Insulini iliyo ndani ya pampu imefungwa kwenye mwili wenye joto lake, chini ya nguo, na mvaaji yuko juani akichunga mbuzi au akienda shule. Watengenezaji wenyewe huagiza kwamba dawa iliyo katika pampu ikipata joto la kupita nyuzi 37 itupwe. Mwezi wa Machi joto la hapa hukaribia kiwango hicho hata kivulini, na juani huzidi sana. Kwa hiyo mtoto wa Bura mwenye pampu aivae ndani ya kifuko chenye ubaridi kidogo, asijaze hazina kwa dawa ya siku nyingi, na sukari yake ikipanda bila sababu, dawa yenyewe ishukiwe kabla ya chakula. Yaani katika nchi yetu hii, chupa na sindano ni vyombo vivumilivu zaidi kuliko mashine ya maelfu ya dola. Jambo hilo halipendezi kulisema mbele ya mzazi aliyeahidiwa zawadi, lakini ndivyo lilivyo.

Naja sasa kwenye kiini cha malalamiko yangu. Kila nilichokitaja hapa juu, iwe ni pampu, iwe ni sindano, kinasimama juu ya kitu kimoja kidogo mno: kile kijiti chembamba cha kupimia sukari ambacho wauguzi hukiita stripu. Bila stripu mwenye pampu haendeshi pampu, bali pampu inamwendesha yeye. Bila stripu mwenye sindano anajidunga gizani. Nimeshuhudia katika maisha yangu ya kazi, katika kituo ambacho sitakitaja, insulini ikiwa imejaa jokofuni na stripu zikiwa zimekwisha, na mama ameambiwa akanunue mwenyewe dukani. Mama huyo alikuwa ameuza mbuzi ili apate nauli. Alirudi na dawa, akapima kwa macho: mtoto akionekana mlegevu, anapewa chai tamu, akikojoa sana, anaongezewa dawa. Naye alikuwa mama hodari. Nasema bila kuficha kwamba kumpa mgonjwa insulini pasipo kumpa kipimo ni kumpa nusu ya dawa, na nusu hiyo yaweza kuua.

Huduma za afya ziko mikononi mwa serikali za kaunti tangu mwaka 2013. Kwa hiyo wakuu wetu wa Garissa hawawezi tena kuinyoshea Nairobi kidole kila stripu zinapokwisha Fafi. Tumekwisha kuonyeshwa kwamba jambo hili lawezekana. Mpango uitwao Changing Diabetes in Children, ambao kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark ni mmoja wa waanzilishi wake, umewapa watoto wengi wa Kenya insulini pamoja na vifaa vya kupimia bila malipo katika kliniki zilizomo ndani ya mpango huo. Waliouanzisha walielewa kwamba vitu hivyo viwili havitenganishwi. Sababu gani basi kaunti ikinunua dawa iandike insulini katika fungu moja na stripu katika jingine, la kwanza likapewa fedha na la pili likangoja?

Pana na suala la mto. Novemba 2023, kisha Aprili na Mei 2024, mafuriko yaliikata barabara ya Madogo inayouingiza mji wa Garissa kutoka Nairobi, na watu wakavushwa kwa mashua. Wenye umri wangu wanakumbuka mambo kama hayo wakati wa mvua za El Niño za 1997 na 1998. Mto ukifurika, mji wa Garissa hukosa bidhaa, na Bura iliyo kusini yake hukosa hata kile kidogo ambacho mji unacho. Mwenye kisukari hawezi kungoja maji yapungue. Naona akiba ya miezi miwili ya insulini, sindano na stripu ingepaswa kufikishwa katika vituo vya afya vya kandokando ya Tana kabla ya Oktoba kila mwaka, kama vile mfugaji anavyohamisha mifugo kabla ya mvua. Mwenye pampu naye aweke kanula na mirija ya miezi miwili, na asipoweza, ajue tangu mwanzo kwamba siku ya kurudi kwenye sindano itafika, na awe ameizoea.

Kuhusu Ramadhani nitasema machache, kwani masheikh wetu wanaweza kusema zaidi na bora zaidi. Mwaka 2025 mwezi huo uliangukia Machi, ambapo joto na kiu ni vikali mno huku. Mgonjwa ameruhusiwa na Qurani yenyewe kufungua, na watoto wa aina ya kwanza wamo miongoni mwa walio hatarini zaidi. Hata hivyo vijana wetu hufunga, kwa kuona haya mbele ya wenzao. Basi wajue kwamba wanazuoni wengi wa zama hizi wamesema kujitoboa kidole kwa ajili ya kupima hakuvunji saumu, wala sindano ya insulini haiivunji. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6, madaktari wanaoshughulikia jambo hili huagiza mtu afungue papo hapo. Ningefurahi sana kusikia nambari hizo mbili zikitajwa misikitini Ijumaa ya mwisho ya Shaabani.

Tena wako watoto ambao hawatafika hata kwenye swali la pampu. Ni wale ambao kisukari chao hakikupata kutambuliwa. Mtoto huletwa akitapika, anapumua kwa haraka, mwili umekauka. Katika nchi yenye malaria na nimonia, mganga hufikiria malaria na nimonia, akampa dawa za hayo, na mtoto akafa kwa ugonjwa mwingine. Tone moja la damu na stripu moja vingeonyesha ukweli katika muda wa sekunde chache. Kila mtoto wa namna hiyo angepaswa kupimwa sukari, katika kila zahanati, bila kuuliza kama mzazi ana pesa.

Wapo watakaonilaumu kwamba nataka watu wa Bura wabaki na sindano huku wenzao wa Nairobi na ng'ambo wakivaa mitambo. Silaumu lawama hiyo, maana tumenyimwa mengi kwa kisingizio kwamba hatujawa tayari. Lakini sikumwambia mzazi yeyote akatae pampu. Niliwaambia wamwombe jamaa wa ughaibuni atume kwanza stripu za mwaka mzima na kihisio akiweza, wampeleke mtoto kwa daktari wa kisukari apangiwe hesabu zake, yeye na mtu mzima mmoja wa nyumbani wajifunze kuzitumia kwa sindano mpaka wazishike, kisha ndipo kisanduku kile kifunguliwe. Kwa wale wasio na jamaa Minneapolis wala London, ambao ndio wengi, sina wa kumwelekeza ila serikali ya kaunti.

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na makadirio ya kaunti hupelekwa katika bunge lake kabla ya Aprili 30. Kabla ya hapo wananchi huitwa kutoa maoni. Mikutano hiyo kwa kawaida huhudhuriwa na watu wachache, nao huzungumzia barabara na visima, na ni haki yao. Safari hii mimi nitahudhuria, na nitaomba nisomewe ukurasa wa afya, nionyeshwe ni stripu ngapi zimeandikiwa Fafi. Nawaomba wazazi wa watoto hawa nao waje, pamoja na vile vidaftari vyao vya sukari, hata kama kurasa nyingi ni tupu.